Maua ya Bi Kalpana Niliyoyang'oa

Kingsbury, London
14 Julai

Mamangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Kabla ya yote naubusu mkono wako, na naulizia goti: je, limetulia tangu Bi Rukia aanze kulikanda, au bado linakusumbua kwenye ngazi? Mimi huku sina neno, alhamdulillahi. Jua limewaka siku nne mfululizo na Waingereza wameshaanza kulalamika joto. Usishtuke kupata barua badala ya simu. Kwenye simu, Mama, huniachi nimalize hata salamu, na haya ya leo nataka uyasikie mpaka mwisho.

Bi Kalpana, yule bibi ninayemtunza, unamjua kwa kusikia tu. Alizaliwa huko huko Mombasa, Makupa, akaolewa akaondoka, na mpaka leo Kiswahili anacho, ingawa hukitumia zaidi kunigombezea. Mumewe, marehemu Ajay, alifundisha miaka mingi huko Kansas, Marekani, kwenye mbuga za nyasi ambako, kwa maneno yake, unatembea kutwa usipate mti wa kujikinga na jua. Kutoka huko walikuja na mbegu za ua la porini, la zambarau, lenye kichwa kikali kama kitana, na Ajay akazipanda nyuma ya nyumba hii. Huku wanaliita ekinasia, na madukani linauzwa kwenye vidonge.

Bi Kalpana hana mzaha nalo. Anasema wenyeji wa asili wa mbuga zile walilijua kabla Mzungu hajafika: mzizi wakiutafuna kwa jino linalouma, maji yake wakisukutua koo, na ukipondwa wakiubandika palipoumwa na mdudu au nyoka. Hata vile vichwa vikavu wengine walichania nywele. Mwaka jana niliumwa jino, akanitafunisha kipande. Ulimi ulikufa ganzi robo saa nzima nisiweze kusema neno, naye akasema hajawahi kupata utulivu kama ule tangu nianze kazi kwake.

Sasa kosa. Na kosa hili, Mama, tutagawana, maana wewe ndiye uliyenilea na ufagio mkononi, ukiniambia uwanja wenye majani hufuga nyoka. Januari Bi Kalpana alikuwa kitandani na kifua, na binti yake, Bhavini, alikuwa anakuja kutoka Leicester. Nikaona haya kwa ile bustani, vijiti vyeusi vimekauka kila upande. Nikang'oa vyote na mizizi yake mirefu, nikafagia mpaka udongo ukang'aa, nikajaza pipa, na Alhamisi gari la taka likachukua. Kwetu kilichokauka hivyo kimekufa. Ningejuaje kwamba kuna mmea unakufa juu kila msimu wa baridi, na chini uko hai unangoja?

Aprili Bhavini akaanza kumshikilia mama yake auze nyumba ahamie kwake. Si mtoto mbaya, ana hofu tu. Bi Kalpana hataki kuiacha nyumba aliyoishi na Ajay, lakini alichoka kubishana, akakata shauri: maua ya Ajay yakichomoza mwaka huu, anabaki, yasipochomoza hadi mwisho wa Mei, atajua mumewe amempa ruhusa ya kwenda. Kila asubuhi ikawa nimsogezee kiti dirishani. Kila asubuhi ananiuliza kama naona kitu. Nami namwambia baridi ya mwaka huu ilikuwa kali, tungoje.

Wiki tano, Mama, nilimdanganya mtu mzima anayeniita binti. Niliogopa kupoteza kazi, na zaidi niliogopa uso wake. Bhavini akaleta maboksi, vyombo vikaanza kufungwa kwa magazeti. Siku Bi Kalpana aliponiita jikoni akanipa kibao chake cha chapati, nibaki nacho kama ukumbusho, nilishindwa. Nilikaa pale pale sakafuni nikamwambia: "Bi Kalpana, maua hayakufa. Niliyang'oa mimi, Januari. Nilidhani yameshakufa."

Nikainuka niende nikachukue koti langu. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza. Akanieleza kwamba msimu wake wa kwanza wa baridi kule Kansas, yeye, bibi harusi mpya kutoka Makupa, aliamua kumsaidia jirani mgonjwa kusafisha bustani, na akang'oa maua yale yale, mstari mzima, akafagia. Jirani alinuna mpaka majira ya kuchipua, kisha akaja na mbegu mkononi akamwambia apande mwenyewe. Ndizo mbegu zilizofika London.

Alipofuta machozi aligeuka akawa hakimu. "Basi hayakukataa kutoka," akasema. "Yalizuiwa. Mwambie Bhavini arudishe maboksi."

Kwenye droo yake palikuwa na kichwa kikavu cha mwaka jana. Mbegu zake hazioti bila kuonja baridi, kwa hiyo tulizifunga kwa kitambaa chenye maji tukazilaza kwenye friji kando ya achari ya ndimu. Sasa ishirini na tatu zimeota, kila moja na vijani viwili vidogo kama kucha ya mtoto. Lakini ua lenyewe halitoki mwaka huu. Hutoka mwaka wa pili, pengine wa tatu.

Na hapa ndipo penye uzito. Najua nilikuahidi Desemba narudi moja kwa moja, na kaka Swaleh ameniambia chumba changu umeshakipaka chokaa. Sitarudi Desemba, Mama. Nimemwahidi Bi Kalpana nitabaki mpaka ua la kwanza lifunguke, na nilimwahidi kabla sijakuomba ruhusa wewe. Nakukumbuka kila siku. Lakini nikimwacha sasa, Bhavini atarudi na maboksi, na safari hii mkosaji atakuwa mimi peke yangu. Niwie radhi.

Nisalimie Bi Rukia, Swaleh na wanawe, na majirani wanaoniulizia na wasioniulizia. Bi Kalpana ameomba nafasi hapa chini aandike kwa mkono wake.

Mwanao akupendaye,
Faridah

Dada yangu, mimi Kalpana. Usimkasirikie mtoto, nilimtaka ahadi mimi. Ua likitoka, nitamrudisha mwenyewe mpaka mlangoni kwako. Tangu niolewe sijaiona Mombasa. Niwekee kitanda.