Niliwachapa Watoto kwa Somo Nililowafundisha Mwenyewe

Mshauri mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku Meru, juu kidogo ya Tengeru, na unisamehe kwa barua ndefu, maana jambo hili sina wa kumweleza isipokuwa mke wangu Hanna, na yeye amekwisha kuniambia ninyamaze.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, mwaka wangu wa sita kazini, na mwaka huu tuliagizwa kufundisha uraia mwema, yaani watoto wajue kusema kweli na kutunza mali ya wote, na wakipatwa na shida wasigombane bali wakae, waulize imeanzia wapi, nani anaweza kuiondoa, kisha wamwendee kwa adabu, nami nililipenda somo hilo kuliko hesabu, na watoto walilipenda kuliko mpira.

Basi nikawaambia watafute shida ya kweli, na binti mmoja wa miaka kumi, Aikaeli, akasimama akasema, "Mwalimu, mfereji wa kijiji hukauka asubuhi, tunakwenda kuteka mtoni, tukichelewa unatuchapa." Nikawaambia wachunguze, wakasimika kijiti mferejini wakatia alama kila siku kwa wiki tatu, wakagundua kuwa maji hukauka siku zote isipokuwa Jumapili, wakaufuata mfereji kwenda juu mpaka shamba la kahawa la setla mmoja wa Kizungu, wakaona maji yote yamezibwa na kugeuzwa kwenye mashine ya kuoshea kahawa. Wengine wakataka kwenda kuzibua wenyewe, lakini Aikaeli akawaambia, "Mwalimu alisema kwa adabu," wakajadiliana siku mbili, wakakata shauri la kumwomba mwenye shamba aachie maji mpaka saa mbili asubuhi tu, kabla mashine haijaanza kazi, na mshauri, mimi mtu mzima nisingefikiri vizuri hivyo.

Aikaeli aliandika barua, mimi nikasahihisha herufi kwa wino mwekundu, akainakili upya, watoto kumi na mmoja wakaandika majina yao. Ilisema, "Shikamoo Bwana. Sisi ni watoto wa darasa la tatu. Tunaomba maji mpaka saa mbili. Baada ya hapo chukua wewe." Wakaipeleka wenyewe, wakampa nyapara mlangoni.

Siku ya nne akaja mkaguzi wa shule pamoja na jumbe wa kijiji chetu, barua ile mkononi, akaniuliza mbele ya darasa, "Nani amewafundisha watoto hawa kudai maji ya watu?" Nami nilijua jibu, na watoto walijua, lakini mdomo wangu ulisema, "Sijui, Bwana. Labda wazazi wao." Aikaeli alinitazama. Mkaguzi akauliza baba wa aliyeandika ni nani, jumbe akasema ni Sadoki, kisha nikaamriwa niwachape wote kumi na mmoja, viboko vinne kila mmoja mkononi, nikawachapa, na kwa kuwa ni mimi niliyewazoeza kushukuru baada ya adhabu, kila mmoja alisema, "Ahsante, mwalimu," hata Aikaeli.

Sadoki hajui kusoma wala kuandika, lakini alipelekwa boma la wilaya akafungwa miezi mitatu kwa uchochezi, na sasa amemaliza mmoja. Aikaeli hajarudi shule, anabeba maji na mama yake. Mimi nimeandikiwa barua ya sifa, na Januari natakiwa kuwa mwalimu mkuu katika shule nyingine. Juzi niliuliza darasani, "Nani ana shida ya kutueleza?" Wakajibu wote pamoja, "Hakuna shida, mwalimu."

Hanna anasema, "Ukisema sasa, utafungwa wewe, na Sadoki hawatamtoa. Mtoto wetu atakula nini?" Naomba unishauri, je, nipokee cheo nikatende mema huko niendako, au nifanye nini, maana hata kushika chaki sasa naona aibu.

Mwalimu, Meru


JIBU

Majina yote nimeyabadilisha kabla ya kuichapa barua yako, kwa ajili ya mtoto, si kwa ajili yako.

Nakuonea huruma, kwa kuwa nami nilifundisha miaka kumi na tisa na ninajua mkaguzi akisimama mlangoni mwalimu anavyoogopa. Uoga wa dakika moja ningekusamehe. Lakini wewe umeuendeleza mwezi mzima, na kila asubuhi uliamka ukachagua tena. Umeniandikia kurasa nne juu ya aibu yako, na juu ya namna ya kumtoa Sadoki hukuuliza hata mstari mmoja.

Mkeo ana haki ya kuogopa. Mke wa Sadoki naye anaogopa, na mumewe hakufanya kosa lolote. Huyo naye ana watoto, au hukuwahesabu?

Unasema utatenda mema huko uendako. Utawafundisha nini, kusema kweli? Usijidanganye. Cheo hicho umepewa kwa kuwa ulidanganya vizuri.

Sasa sikiliza. Jumatatu usiingie darasani. Nenda boma, omba kumwona Bwana Shauri, afisa wa wilaya, na utoe maandishi kwa mkono wako kwamba somo lilikuwa lako, kwamba barua uliisahihisha wewe, na Sadoki hakujua lolote. Kama nakala ile yenye wino mwekundu bado unayo, ipeleke. Kama uliichoma, sema uliichoma. Mwombe mchungaji wenu akusindikize, asije kukuombea bali asikie utakachosema, usije ukapunguza njiani. Siku hiyohiyo andika kukikataa cheo. Huenda wakakufukuza, huenda wakakufunga. Siwezi kukuahidi vinginevyo. Mpeleke Hanna na mtoto kwa wazazi wako kabla hujaenda. Ukitoka, utalima migomba kama wanavyolima wazazi wa wanafunzi wako wote.

Kutoka boma pita kwa Aikaeli. Usimwombe akusamehe, ana miaka kumi, atakubali kwa sababu wewe ni mwalimu wake, nawe utarudi nyumbani umeridhika bure. Mbele ya mama yake mwambie kwamba barua yake ilikuwa sahihi na aliyesema uongo ni wewe. Kisha ondoka, usingoje akujibu.