Damu Juu ya Kiini

Mama Kioko mpenzi,

Kwa heshima na taadhima ninakutangazia kwamba mumeo, mla mayai maarufu, ameacha mayai. Cheka tu. Huku Machakos ni baridi na manyunyu.

Asubuhi dada yangu Mwende alinipasulia yai, kumbe kuku alikuwa amelilalia siku kadhaa. Kifaranga hakuwa ameonekana bado, ila nyuzi nyekundu zilikuwa zimetambaa juu ya kiini.

"Mwalimu, hiyo damu ni ya kuku ama ya mtoto?" akaniuliza.

Nikajibu kama niko darasani: ni ya mtoto. Huanzia hapo kwenye kiini, kabla ya mifupa.

"Na mtu je?"

"Hata mtu. Damu yake ya kwanza hujitengenezea mwenyewe, kwenye kifuko kilicho kando ya mwili wake."

Akaketi. "Mimi hospitali waliniambia ni damu tu imetoka."

Ukweli ndio huo, mpenzi. Mimba yake iliharibika wiki iliyopita, naye hakuweza kutuandikia. Aliniomba ile kofia uliyonipa nimletee, uliyomfumia mtoto wake, tukaizika pamoja na yai nyuma ya jikoni. Uniwie radhi. Ilikuwa kofia nzuri.

Mumeo