Jino la Urho

Turku, tarehe 3 Machi

Mdogo wangu Urho,

Barafu ya mtoni imeanza kupasuka, na goti langu limepona. Hayo yanatosha kuhusu mimi.

Wifi Aune ameniambia kwamba tangu uzibwe jino umeacha mkate mweusi, unakunywa uji tu, na sasa unataka ling'olewe. Nimekasirika sana.

Nilimpigia simu daktari wako wa meno. Akasema, "Mama, nilimwuliza kama akifunga meno anahisi jino limezidi mengine. Akajibu ni sawa."

Nikamwambia, "Ulimwuliza mtu mwenye ganzi nusu ya uso, tena mwanamume wa kwetu, ukaliamini jibu lake?"

Jino halijaoza, Urho. Dawa waliyolizibia imezidi kimo, kwa hiyo kila ukitafuna linagongwa. Maumivu madogo ya siku chache ni ya kawaida. Haya ya wiki tatu si ya kawaida. Kulisaga kidogo ni kazi ya dakika chache. Kuling'oa ni upumbavu.

Aune anasema hutaki kumsumbua daktari. Baba pia hakutaka kumsumbua daktari, akakaa na maumivu ya kifua mpaka asubuhi. Sitaandika zaidi kuhusu hilo.

Nimekuwekea miadi Alhamisi. Usichomwe ganzi, ili uhisi mwenyewe meno yanavyokutana. Daktari akikuuliza, jibu kwa sentensi kamili: bado linauma, endelea kusaga. Wewe ndiye ndugu pekee niliyebaki naye. Sumbua watu.

Dada yako, ambaye bado ana hasira,
Hilkka