Siku Niliyomsahihisha Mwalimu Magesa Mbele ya Watoto

Jumatano jioni, Mwisenge.

Upepo wa ziwa umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye sufuria. Nimepika ugali na dagaa, nimeshindwa kula. Nimekaa mlangoni na simu mkononi, naandika hapa mtandaoni kwa sababu kila mtu ninayeweza kumwambia anamfahamu huyu ninayemwandika. Jina lake nimelibadilisha. Nitamwita Mwalimu Magesa.

Leo nimemsahihisha mbele ya wanafunzi wake.

Alinifundisha hisabati darasa la sita na la saba, kule kwetu Mugeta. Nilipofaulu, baba alikuwa ameshakubaliana na watu kuhusu ng'ombe ili niolewe. Mwalimu alikuja nyumbani jioni moja, akamkuta baba zizini anakamua. Hakumwambia kitu mbele yetu. Alisubiri amalize, wakaondoka wawili wakapita shamba la pamba, wakakaa huko mpaka chai ikapoa. Waliporudi baba alisema tu, "Nyangeta ataenda sekondari." Baba amekufa bila kuniambia Mwalimu alimwambia nini. Ninachojua ni kwamba asingekuja jioni ile, leo nisingekuwa naitwa mwalimu na mtu yeyote.

Sasa tuko shule moja, nje kidogo ya mji. Mimi nafundisha sayansi, yeye hisabati darasa la saba. Amebakiza muda mfupi astaafu. Siku za kazi analala kwenye nyumba ya shule. Mkewe, Mama Wambura, yuko Mugeta na mifugo. Ijumaa anapanda gari la Bunda, anakwenda nyumbani.

Mwezi uliopita nilipita kwenye dirisha la darasa lake. Ubaoni ameandika 8 + 4 × 3, na jibu ameweka 36. Nilidhani ni mtego, maana walimu tunafanyaga hivyo ili tuone nani amelala. Kisha nikamsikia, kwa sauti ile ile ninayoijua, "Nane na nne kumi na mbili. Kumi na mbili mara tatu, thelathini na sita. Andikeni."

Huyu ndiye alikuwaga anatuimbisha MAGAZIJUTO mpaka tunaiota: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kuzidisha kunatangulia kujumlisha. Jibu ni ishirini.

Bhoke, msichana anayekaa dawati la mbele, akanyoosha mkono. "Samahani Mwalimu, si tunaanza na kuzidisha?" Aliuliza kwa adabu kabisa, hata mgongo aliuinamisha kidogo. Mwalimu akamtoa nje, akampigisha magoti juani mpaka kengele ya mapumziko.

Magesa ninayemjua alikuwaga anafurahi mtoto akimkamata. Alikuwaga anampigia makofi.

Sikutaka kumwaibisha. Nilimfuata baada ya vipindi, akiwa peke yake anaosha mikono bombani.

"Shikamoo Mwalimu. Naomba nikuulize kuhusu lile swali la asubuhi."

"Marahaba, binti yangu. Swali lipi?"

Nikamwandikia chini kwa kijiti. Akacheka, akajipiga kwenye paji la uso. "Uzee huo, Nyangeta! Kesho nitawarekebishia."

Nilirudi nyumbani nimefurahi. Nikajiona nimejua namna ya kumkosoa mkubwa.

Kesho yake hakurekebisha. Alirudia vile vile. Nikamfuata tena, safari hii akanikazia macho. "Nani aliyekufundisha wewe kujumlisha?"

Ni yeye.

Bhoke akaacha kuja shule. Nilikwenda kwao, nikamkuta mama yake anakaanga sato kando ya barabara. Alinifutia kigoda kwa kanga yake. "Mwalimu, nimemwambia akaombe msamaha, amekataa kabisa. Anasema aombe msamaha wa nini, wakati jibu ni ishirini?" Mama wa watu alikuwa anaona aibu kwa ajili ya mtoto wake. Mimi nilikuwa naona aibu kwa ajili yetu sote.

Nikaingia kwa mwalimu mkuu. Ni mama mwenye huruma, na tatizo letu lilikuwa hapo hapo. Alifunga mlango kwanza. "Tumsitiri, Nyangeta. Ukilipeleka hili juu watamwita, watamhoji kama mwizi. Miaka yote ile ya kazi, aondoke hivyo?"

"Na watoto?"

Akazipanga kalamu zake mezani. "Uwe unawarekebisha wewe, taratibu, baada ya masomo."

Nikafanya hivyo. Nikawa nafuta mchana kile alichofundisha asubuhi. Watoto wakaanza kuniuliza, "Madamu, kwenye mtihani tuandike la kwako au la Mwalimu Magesa?" Mtihani wa taifa uko mlangoni, na darasa zima lina majibu mawili kichwani. Hivyo ndivyo tulivyomsitiri.

Leo nilikuwa nafundisha chumba cha pili. Nikasikia anapaza sauti, kisha mtoto analia. Nikatoka mbio.

Ubao mzima ulikuwa umejaa swali lile lile, 8 + 4 × 3, limeandikwa mara nyingi moja juu ya jingine, kila mahali jibu tofauti. Lingine limefutwa kwa kiganja. Shati lake lote chaki. Alikuwa amemsimamia msichana mdogo kuliko wote, fimbo iko juu. "Soma! Soma nilichoandika!" Na hakuna mtu duniani angeweza kusoma kilichoandikwa pale.

Njiani nilikuwa nimeshapanga maneno. Ningesema, Mwalimu, unaitwa ofisini. Uongo mzuri, wa heshima. Lakini niliiona ile fimbo, na nikasikia sauti yangu inasema kwa nguvu, "Mwalimu, umekosea! Jibu ni ishirini!"

Akageuka. Nilijiandaa kwa hasira yake. Kumbe hakukuwa na hasira yoyote. Aliniangalia kwa upole, akashusha fimbo, akasema, "Karibu, mama. Wewe ni mzazi wa nani?"

Hakuwa ananitania.

Nilimshika mkono kama mtu anavyomshika baba yake, nikamtoa nje. Hakubisha. Nyuma yetu hata mtoto mmoja hakucheka. Kwenye nyumba yake nilikuta sufuria imeungua mpaka imetoboka, na nguo zimelowekwa zinanuka. Nikamkalisha kitandani, nikampigia simu Mama Wambura.

Nilimweleza yote, mwanzo mpaka mwisho.

"Kwa hiyo na huko ameanza," akasema.

Kumbe nyumbani hali hii ilikuwa ya siku nyingi. Ijumaa moja alishuka Bunda akapanda gari lingine, watu wanaomfahamu wakamkuta Butiama amekaa kibarazani kwa mtu, anasubiri darasa lifunguliwe. Mkewe hakumwambia mtu. Aliogopa majirani watasema amerogwa, na aliogopa atapoteza kazi. "Nilijua, mwanangu. Nikawa namwomba Mungu afike tu kustaafu."

Nilitamani kumfokea. Ningemfokea kwa lipi? Yeye amemficha Mugeta, mwalimu mkuu amemficha ofisini, mimi nimemficha nyuma ya vipindi vyangu vya mchana. Sote tunampenda. Na katikati yetu amezama peke yake, huku akiwaogopa watoto wa darasa la saba.

Kwenye saa za chai alinitazama, akasema, "Nyangeta, mbona unalia?"

Alikuwa amerudi. Sikujua amerudi kwa muda gani, ikabidi niseme yote pale pale. Sikuzunguka. Nilimwambia kuhusu ubao, kuhusu fimbo, kwamba aliniuliza mimi ni mzazi wa nani. Nikamwambia kuhusu Bhoke.

"Nilimpigisha magoti?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kwa kosa gani?"

"Alikusahihisha."

"Alikuwa sahihi?"

"Alikuwa sahihi, Mwalimu."

Akafunika uso kwa mikono yake yenye chaki. Sijawahi kumsikia mwanaume mzima analia vile, tena mtu aliyeweza kumgeuza baba yangu. Alipotulia akasema, "Kesho asubuhi unipeleke kwao. Nataka nimwombe msamaha mwenyewe, mama yake akiwepo. Halafu darasani nisiingie tena. Unanisikia? Hata nikilazimisha, usiniruhusu."

Nimemwahidi. Nimemwambia mwalimu mkuu darasa la saba nalichukua mimi, na kwamba hili halifichiki tena. Alitikisa kichwa tu, akakubali, na yeye macho mekundu. Mlinzi wa shule amekubali kulala sebuleni kwake. Mama Wambura atakuja na gari la kwanza, tukitoka kwa Bhoke tumpeleke hospitali.

Nilifika hapa nikiwa nimechoka, lakini kulikuwa na kitu kama nafuu. Nikasema walau limesemwa, na amelisikia.

Sasa hivi, nikiwa naandika, simu imeita. Ni yeye. Sauti ya furaha kabisa.

"Nyangeta, binti yangu, hujambo? Nilikuwa nakukumbusha kesho uwahi. Nataka kuwapa darasa la saba zoezi la MAGAZIJUTO. Kuna kasichana pale mbele kanaitwa Bhoke, kana akili sana kale. Nimeona siku hizi hakaji. Hebu niulizie, kana tatizo gani?"

Nimesema mtandao unasumbua, nikakata.

Asubuhi nitakuwa mlangoni kwake. Itabidi nimwambie upya, yote, na nimwone akifunika uso upya kama anasikia mara ya kwanza. Na keshokutwa je? Ni mara ngapi unaweza kumwambia mtu huyo huyo kwamba amekosea, kabla na wewe hujawa mkatili?