Gunia la Magongo Chini ya Kitanda Changu

Alhamisi, mwezi wa kumi. Mvua bado.

Upepo umepiga vumbi tangu alfajiri, mtaa wetu wote wa Ng'ambo umekuwa mwekundu, na nguo nilizofua nimezifua tena. Lakini siyo vumbi lililonikasirisha. Mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima alituambia tuandike kila siku, hata mistari miwili, mkono usisahau. Leo mistari miwili hainitoshi. Ncha ya penseli imeshavunjika, nimeichonga kwa kisu cha kumenyea mihogo, imevunjika tena.

Nina hasira na mwanaume mmoja anayecheka.

Anaitwa Ndugu Kondo. Ni mkubwa wa michezo pale karakana anapofanya kazi mwanangu Shabani. Mzaramo wa pwani, ana tumbo, ana kicheko cha kusikika mpaka sokoni. Ndiye aliyemwona Shabani akicheza mpira wa magongo shuleni, akasema huyu beki tunamtaka, akampatia kazi ya kushika spana. Spana yenyewe haishiki sana. Kazi yake hasa ni kusimama mbele ya goli na ile fimbo iliyopinda kichwa, watu wasipite. Na hawapiti. Ameshazunguka na timu Mwanza, Morogoro, mpaka Dar es Salaam. Watu hapa mtaani wananiita Mama Beki. Nami nilifurahi, nisiseme uongo. Nilikuwa navaa khanga mpya kwenda kumwangalia.

Mpira wenyewe ni jiwe lililopakwa rangi nyeupe. Mwezi uliopita, wakicheza na watu wa Mwanza, lile jiwe liliruka likampiga chini ya jicho la kushoto. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili wa uwanja na nilisikia mlio. Kama kuni kavu. Wakamletea barafu kutoka hotelini, imefungwa kwenye gunia, akaishikilia usoni huku maji mekundu yakimchuruzika mpaka kwenye kaptula. Daktari akasema mfupa umepasuka, asicheze mpaka yeye mwenyewe amruhusu. Mpira mwingine ukimpiga pale pale, jicho ndiyo basi tena.

Jicho ndiyo basi tena. Maneno hayo nalala nayo, naamka nayo.

Leo asubuhi Ndugu Kondo amekuja. Hata hodi yake ni kelele: "Hodi kwa wapagazi wangu! Mmeamka, au bado mnakanda miguu?"

Sisi Wanyamwezi na wao Wazaramo ni watani. Babu zetu walibeba mizigo kichwani kutoka hapa mpaka pwani, wakifika kwao wanakula kwao, wanaugua kwao, wengine wamezikwa kwao. Utani ulitokea huko. Mtani akikutukana hukasiriki. Akiteka kuku wako hukasiriki pia, unampa kitu unamkomboa kuku wako. Ndivyo tulivyolelewa.

Amekaa, amekula mihogo yangu bila kukaribishwa, ndipo akatoa lililomleta. Jumamosi wanakuja watu wa Dodoma kucheza. Bila Shabani hakuna ukuta. Halafu akashusha sauti: wakubwa wameanza kuuliza, huyu kijana asiyecheza anakaa karakana kwa kazi gani?

Nilimwambia. Mungu ananiona, nilimwambia yote. Kwamba hana haya. Kwamba anakula macho ya watoto wa watu. Kwamba kama ana mtoto wake ampeleke yeye akapigwe mawe.

Alicheka! Akajipiga paja. "Ee, mtani wangu leo kaamka na pilipili! Mizigo mlitua, midomo mkasahau kuitua!"

Nikazidisha. Naye akazidi. Kila tusi nililolitoa moyoni kabisa yeye alilipokea kama karanga za kutafuna. Ningekuwa wa kabila jingine angenisikia. Sijawahi kuonewa namna hiyo ndani ya nyumba yangu.

Shabani akatoka chumbani, ameshavaa kwenda kazini. Shikamoo mama, shikamoo mzee. Nikamwambia mbele ya mgeni: Jumamosi huchezi. Akanijibu kwa upole ule unaonichoma kuliko ukali.

"Mama, mimi ni beki. Beki akikaa nyumbani, nyuma yake amebaki kipa peke yake."

Akanitolea tena ile picha aliyoikata gazetini. Wazungu wa nchi za baridi wanacheza magongo juu ya barafu. Anasema kazi yao ni hiyo tu, hawashiki spana, wanalea watoto kwa kucheza. Mabeki wao wakubwa kama makabati. "Hawa wanagongana kila siku, mama, na wanacheza mpaka wanaota mvi."

Nimeiangalia ile picha. Wamevaa kofia ngumu, miguuni wamefunga magodoro, mikononi glavu kama mito ya kulalia. Mwanangu amevaa kaptula na Mungu. Barafu mimi naijua moja tu, ile iliyomyeyukia usoni.

Nikampa chai. Nilikuwa nimesimama kushotoni kwake. Akanyoosha mkono, akashika hewa.

Kikombe kilikuwa pembeni kabisa.

"Beki kakosa kikombe!" Ndugu Kondo akasema. "Dodoma wasisikie!" Shabani naye akacheka, kicheko kifupi. Mimi nimemzaa, nakijua kicheko chake cha kuficha.

Walipoondoka nimefagia ua. Nimefagia tena palipofagiwa. Babake yuko kijijini Usinge kwenye shamba la tumbaku la ujamaa, angekuwepo angesema tungoje. Mimi kungoja nimeshindwa. Nikawaza, kama matusi yangu ni utani, basi na nikiteka itakuwa utani.

Alasiri nikaenda uwanjani. Vijana walikuwa wanakimbia kuzunguka uwanja, na magongo ya timu nzima yamo kwenye gunia kando ya goli. Nikaliinamia, nikalipandisha kichwani, nikapiga kelele:

"Mtani! Leo nateka!"

Vijana wakasimama wakapiga makofi. Ndugu Kondo akashika tumbo kwa kucheka. "Chukua, mtani, chukua! Nitakukomboa kwa jogoo!"

Nikaondoka nalo. Akacheka mpaka nilipovuka goli la pili. Nilipofika barabarani kicheko sikisikii tena. "Mtani, basi, umeshatuchekesha!" Sikugeuka. "Mtani, tuna mazoezi!" Gunia zito, shingo inaniuma, lakini babu yangu alibeba pembe za ndovu mpaka baharini, mimi nishindwe kufika Ng'ambo? Hakuna aliyethubutu kunipokonya. Mtu anayempokonya mtani wake alichoteka atachekwa mpaka siku ya kuzikwa.

Magharibi amekuja. Safari hii hodi ya sauti ya chini, na jogoo kwapani. Akaniita Mama Shabani, siyo mtani.

Nimempokea jogoo, nimemfunga kwenye mguu wa meza. Nikamwambia: "Huyu ni wa mihogo uliyokula asubuhi. Magongo bado."

"Sasa unataka nini?"

"Simama mbele ya vijana wako useme Shabani hachezi mpaka daktari akubali. Na spana yake anabaki nayo."

"Mama Shabani, umezidisha."

"Asubuhi nilipokutukana hukusema nimezidisha."

Akamwangalia Shabani, aliyekuwa amekaa kizingitini. "Hivi kweli haoni vizuri?"

"Kiulize kikombe," nikamwambia.

Shabani akainamisha kichwa. Ndugu Kondo akaaga, akaenda zake. Hakucheka. Hakuahidi pia, na hilo nimeliona.

Shabani amenigombeza. Ndiyo, mimi mamake. Nimemwaibisha, timu nzima imeniona na gunia kichwani, kesho atapitaje karakana? Ana haki. Nimempakulia ugali. Akala ameelekea ukutani. Ugali ulipokwisha ndipo akasema, bila kunigeukia:

"Upande huu kuna ukungu, mama. Tangu siku ile."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumbeba mgongoni. Mtu mzima mwenye ndevu, amekaa na ukungu huo mwezi mzima ili asikose mechi ya Dodoma! Nikamwambia tu, "Haya, mwanangu, nawa mikono."

Bado nina hasira. Na Kondo, na lile jiwe lao jeupe, na wakubwa wasiokuja wenyewe wakanitazama usoni. Na ile khanga mpya niliyokuwa navaa kwenda kushangilia.

Kesho nampeleka hospitali, nimemshika mkono njia nzima, anayetaka kucheka acheke. Tukirudi namchinja jogoo, supu anywe Shabani. Na Jumamosi Dodoma wakija, watalikuta goli. Magongo yako chini ya kitanda changu, na juu ya kitanda nimelala mimi.