Kamba za Nguo Bado Zipo, Shangazi

Shangazi,

Naanza na habari yenyewe kwa sababu najua huna subira na mtu anayezungukazunguka: nguzo bado zimesimama na kamba zipo. Jana Mama Brayo alianika mashuka ya watu wa mtaa wa Fedha huku akiimba vibaya vilevile kama zamani, na leo Jumapili sare za shule zimejaa kutoka ukutani hadi langoni. Hakuna simiti iliyomwagwa. Watu walipiga kura kwa mikono Jumapili iliyopita, papo hapo kiwanjani, na aliyesimama kuwasihi ni mimi. Mimi Naliaka wako, niliyekuwa siwezi kuomba chumvi kwa jirani bila kukushika gauni.

Ulipotuacha nilidhani barua ya kwanza nitakayokuandikia itakuwa ya kulia. Nimelia, usijali, nimelia hadi watoto wangu wakaniletea maji. Lakini leo nina shukrani imenijaa hadi kooni na sina mwingine wa kumpa.

Basi sikiliza. Tuliporudi mjini baada ya kukuzika Malava, kamati ya hapa kwetu Mbotela ikaja na wazo lake. Unakijua kiwanja chetu, pale katikati ya safu mbili za nyumba, na zile nguzo za chuma zilizokuwepo hata kabla hujaolewa. Baba Akinyi, ambaye bado ni mwenyekiti na bado anavaa koti juani, alitaka nguzo zing'olewe na kiwanja chote kimwagwe simiti, magari yapate pa kuegeshwa. Kevo wa kinyozi ndiye aliyetumwa mlango kwa mlango. Kwangu alifika na uchangamfu wake wote: "Auntie, hii ground inakaa tu bure. Tukimwaga simiti, gari zinaingia ndani na hakuna msee atang'olewa side mirror tena."

Nikamuuliza nguo tutaanika wapi.

"Si mtaanika tu kwa dirisha?"

Kwa dirisha! Mama Brayo anafulia watu, na ndivyo anavyolisha watoto wake. Dirisha lake linatosha taulo moja na kitambaa cha vyombo. Wangeng'oa kamba, angekuwa amefutwa kazi na watu wasiomwajiri. Na mimi, acha nikuambie ukweli wangu, nilikuwa na sababu nyingine ambayo sikumwambia mtu. Nguo zako tulikuwa tumeshazigawa. Nikirudi kutoka sokoni hakuna anayenishika nyanya na kuniuliza kama nilinunua nikiwa nimefumba macho. Pale kwenye kamba tu ndipo nilipokuwa bado nakusikia. Wangezing'oa zile nguzo, sijui ningekutafuta wapi.

Mzee wako, mumeo, hakuchagua upande. Tangu matanga yaishe amekuwa mtu wa kuitikia salamu na kurudi kwenye redio yake. Kevo alikuwa ameshamweka upande wa kamati kwa sababu ya lile gari lake kuukuu, lile ulilokuwa ukiliita mke mwenza, na mimi pia niliona hivyo hivyo.

Wanawake wakaniambia niseme mimi kwa niaba yao. "Si umelelewa na yeye?" Kana kwamba maneno hurithiwa pamoja na masufuria. Nikaketi mezani na karatasi, ikabaki nyeupe. Nikaandika "Ndugu wakazi", nikafuta. Mwishowe Jumamosi nikachukua beseni nikatoka nje, kwa sababu nilikumbuka kwamba wewe hukuwahi kupanga hotuba ukiwa umeketi.

Watu walidhani ulizaliwa na maneno. Kila palipokuwa na matanga mtaani, ikifika wakati wa kuombea wafiwa mchango wa kusafirisha mwili nyumbani, ni wewe waliyekuita, na waliokuja kusikiliza tu walijikuta wakitoa. Hawakujua kwamba asubuhi yake ulikuwa umeihutubia kamba nzima. Kazi yako ya kupokea simu ofisini ilikuchosha na maneno ya bure, kwa hiyo yale yako uliyapima. Nguo moja, hoja moja. Kama hoja haikustahili kibanio ilirudi kwenye beseni.

Unakumbuka nilipotaka kuwa kiranja darasa la saba? Nilikuwa na sababu za kujaza daftari. Ukaniambia kila sababu niipe nguo yake, niianike huku nikiisema kwa sauti. Nikaianika ile hoja yangu kubwa katikati, nikaipa blanketi. Kamba ikalegea, blauzi yangu nyeupe ikaburuta kwenye vumbi, nawe ukacheka hadi ukashika nguzo. "Umeona hotuba yako? Imekaa chini." Kisha ukanisukumia beseni nifue upya. Nilikuchukia hadi jioni. Ukiranja niliupata.

Jumamosi ile nilifanya kila kitu ulichonifundisha. Wewe kabla ya kulowesha hata soksi uliangalia anga kwanza: nani atakuwepo, ametoka wapi, anaogopa nini. Kwa hiyo wiki nzima nilikuwa nimepita kwa majirani bila kuwaambia msimamo wangu, nikinywa chai nyingi kuliko afya yangu inavyotaka. Nikagundua hakuna aliyekuwa na hamu ya simiti. Walichoogopa ni wizi wa usiku. Mwenye teksi analala na jicho moja dirishani, basi.

Halafu lile swali lako, lililokuwa likinikera: "Wakiinuka pale, unataka wafanye nini? Niambie kwa pumzi moja." Nilijaribu mara nyingi mbele ya kamba tupu, pumzi ikawa inaisha kabla ya sentensi. Mpaka nilipowaza kwamba wezi huja usiku na nguo huanuliwa jioni. Mchana nguo, usiku magari. Yanaweza kupita katikati ya nguzo bila kung'oa kitu. Nikalisema tena kwa sauti, nikacheka peke yangu.

Kisha nikaanika. Vizito kwenye nguzo, mahali kamba hailegei, na vyepesi katikati. Shuka kubwa nikaliweka mwanzoni, nalo lilikuwa Mama Brayo na kazi yake. Soksi katikati: vumbi, watoto kupata pa kucheza, mambo ya namna hiyo. Halafu hoja ya Kevo. Ulikuwa ukisema hoja ya anayekupinga ni nguo yake, na ni heri uianike wewe mwenyewe, ikiwa safi, kabla hajaja kuirusha juu ya zako. Nikachukua suruali ya mume wangu, nikaipa jina la vioo vya magari, nikaanza kuisifu. Mume wangu akatokea mlangoni, akanikuta nikiiambia suruali yake kwamba ina haki kabisa ya kuogopa wezi. Akarudi ndani polepole.

Mwisho kabisa, kwenye nguzo ya mbali, nikaanika blanketi. Blanketi lilikuwa wewe. Nilipanga kumaliza kwa kuwakumbusha ni nani aliyewazika wazazi wao kwa maneno yake, na kwamba maneno hayo yalitoka hapo kwenye kamba wanazotaka kuzing'oa. Nilijua nikifika hapo watalia, na anayelia hawezi kukupigia kura ya hapana. Usinune. Na wewe ulikuwa ukifanya hivyo.

Siku ya mkutano kamati ikafanya kosa ambalo watu wasiofua tu ndio wangelifanya. Asubuhi, wengine tukiwa tumeshaanika sare kabla ya kwenda kanisani, Baba Akinyi akatuma watu watuambie tuanue kila kitu, ili wakazi waone kiwanja kilivyo kipana. Tukaanua nguo zikichuruzika. Zikarudi kwenye mabeseni.

Na kweli kilionekana kipana, Shangazi. Kilipendeza. Nilipokiona kitupu vile nikaona tumeshashindwa. Baba Akinyi akakaribisha, maombi yakafanywa, akakaribisha tena. Kevo akasema vizuri, simnyimi haki yake, akaonyesha kwa mkono magari yatakavyopangwa, watu wakawa wanaitikia kwa vichwa. Kisha nikaitwa mimi.

Nikaanza na Mama Brayo, nikamtaja kwa jina yeye akiwa ameketi pale, amekunja kitambaa mapajani. Nikasema kwa ufupi kama ulivyokuwa ukisema wewe, bila kumfanya maskini. Nikaenda kwenye suruali: vioo vinaibwa kweli, Kevo hajatudanganya, mwenye gari anastahili kulala. Nikamwona Kevo ananyanyua uso, alikuwa amejiandaa kwa matusi. Ndipo nikalisema lile la pumzi moja. Mchana nguo, usiku magari. Nilikuwa nakwenda kwenye soksi, lakini nikawaangalia nyuso, na wanawake hawakuwa wananitazama mimi. Walikuwa wanatazama milango yao, wanawaza mabeseni.

Nikaziacha soksi zote. Nikauliza: "Nani ana nguo mbichi kwenye beseni saa hii, na kesho ni Jumatatu?"

Mikono ikaanza upande wa akina mama. Ikaja ya wanaume, mmoja mmoja, wale ambao wake zao walikuwa wameketi karibu. Mke wa Baba Akinyi akainua wake juu kabisa, bila kumtazama mumewe. Kevo naye akainua, kwa sababu mama yake alimgeukia. Na kule nyuma, kwenye kiti chake cha plastiki, mzee wako akanyoosha mkono. Nikadhani hakusikia swali. Hana mtoto wa shule, na nguo zake anafuliwa na Mama Brayo katikati ya wiki.

Likabaki blanketi. Nilikuwa nalo mdomoni, jina lako lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini mikono yote ile ilikuwa juu, nikakusikia wazi kuliko ninavyojisikia mwenyewe: "Vibanio vikiisha, keti." Nikaketi.

Kura ilipopigwa, mikono ilikuwa karibu ileile. Baba Akinyi akasimama akatangaza, "Basi tumekubaliana, mchana nguo, usiku magari," kwa sauti ya mtu aliyelitunga mwenyewe, tukampigia makofi. Mama Brayo hakusema asante. Alinishika mkono na kuubana, akakimbilia beseni lake kwa sababu jua lilikuwa linaondoka.

Nami nikaenda kwa mzee wako. Nilitaka kumweleza swali lilikuwa nini, asije akaaibika mbele ya watu. Mlango ulikuwa wazi. Nilimkuta ameinama juu ya lile beseni lenu la bluu, na ndani mlikuwa na leso yako ya manjano, kanga ile iliyofifia maneno hadi hayasomeki. Ile tuliyoitafuta siku ya kugawa nguo tukaikosa. Nilikuwa nimewahi kuiona kwenye kamba, nikadhani amempa jirani fulani, nikanuna kimyakimya. Yeye akanitazama, akawa kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

"Naifua kila Jumapili," akasema. "Nikiiona kwa kamba, naona ni kama ametoka tu kuanika."

Nikashika upande mmoja wa leso, yeye akashika wa pili, tukaikamua. Tukatoka nayo. Nikaianika kando ya nguzo, mahali kamba hailegei, naye akanipa kibanio kimoja kimoja kutoka mfukoni mwake.

Kwa hiyo blanketi lilianikwa, Shangazi, ila si na mimi; mzee wako ndiye amekuwa akilianika kila Jumapili. Asante kwa kunifundisha kuketi. Ningesema jina lako pale, ningempokonya mzee wako mbele za watu kitu alichokuwa amejiwekea peke yake. Asante kwa blauzi yangu kwenye vumbi, kwa kicheko kile, kwa kunilea niliyekuwa mtoto wa kaka yako ukanifanya wako bila kutangaza. Nilikuwa naogopa kwamba umeondoka na kila kitu. Hukuondoka nacho. Nakitumia.

Nami nakuahidi hili. Mikono ya mzee wako ikichoka kukamua, leso yako nitaifua mimi. Akiwepo na asipokuwepo, itakuwa kwenye kamba kila Jumapili, kando ya nguzo, nami nitakuwa naianua kabla ya magari kuingia.

Naona jua limeshuka nyuma ya nyumba, na mwenye teksi amefika langoni anapiga honi. Ananiharakisha. Pumzika, Shangazi wangu, mimi naenda kuanua.

Wako,
Naliaka