Gaudensia Aliitikia Marahaba

Hamugembe, Bukoba
Jumanne

Kwako kaka Revocatus,

Simu yako huko kisiwani haipatikani, kwa hiyo barua hii nimempa Magesa anayefuata dagaa. Mama mzima, migomba ya kibanjani imestawi, mbuzi kazaa mapacha. Ila kaka, habari ya dada si nzuri!

Unakumbuka mama mkwe wake alivyomrudisha dada Gaudensia nyumbani, eti hapigi magoti kumsalimia? Na sisi tukasema kweli, ana majivuno. Kaka, magoti yamevimba! Hayakunjiki! Leo nimempeleka hospitali. Kwenye foleni mama mmoja, mtu mzima kabisa, akaviona vidole vya dada vilivyopinda, akasema, "Shikamoo, bibi." Nikangoja dada acheke. Ana miaka thelathini na moja! Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Wala hakuwa anatania.

Daktari anasema ni baridi yabisi, kinga ya mwili wake mwenyewe inashambulia viungo. Nimesoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha: ugonjwa huu unaweza kuuzeesha mwili mapema, na wengi wanaougua hupata sonona, ile huzuni isiyoisha. Kumbe ule ukimya wake tangu arudi nyumbani ni ugonjwa, kaka, si kiburi!

Dawa tumepewa, kazificha chini ya mto. "Mzee kama mimi anywe dawa za nini?" ananiuliza.

Mimi hanisikii. Njoo na boti ya kwanza. Ukifika usingoje akupigie magoti. Kaa chini wewe, umtanie mpaka naye akutukane kama zamani.

Mdogo wenu,
Alistidia